Feritini "ya kawaida" kwa mgonjwa mnene: uchambuzi wa kisa kimoja cha saratani ya utumbo mpana

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya madaktari, matabibu, wauguzi na wataalamu wa maabara wanaohudumia watu wenye uzito uliopitiliza, na kwa mgonjwa yeyote anayetaka kuielewa karatasi ya majibu yake. Mhusika ameridhia kisimuliwe. Umri, kazi na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha yamegeuzwa au kuondolewa; mpangilio wa matukio na mwelekeo wa vipimo umebaki ulivyokuwa. Mimi niliombwa kupitia faili lake lote kabla ya kikao cha kupanga upasuaji, kwa hiyo mambo ya mwanzo nimeyapata kwenye maandishi, kwa mgonjwa mwenyewe, kwa mkewe na kwa waliomhudumia.

Mgonjwa na karatasi aliyokuja nayo

Ni mwanamume wa miaka 52, kazi yake ni ya kukaa mezani kutwa. Alikuwa na kilo 104 kwa urefu wa sentimita 174, yaani BMI (kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu) ya 34, na kiuno cha sentimita 116. Shirika la Afya Duniani huhesabu BMI ya 30 na kuendelea kuwa unene uliopitiliza, na kwa mwanamume kiuno kinachozidi sentimita 102 ni dalili ya hatari kubwa. Alikuwa anameza dawa moja ya presha. HbA1c, yaani wastani wa sukari ya miezi michache iliyopita, ilikuwa asilimia 6.1: kisukari bado, lakini kinanukia. Sigara aliacha zamani. Baba yake alifariki akiwa na miaka sitini na kitu "kwa tumbo", na hakuna mtu katika familia aliyewahi kuambiwa ugonjwa wenyewe ulikuwa upi.

Hakuja akiumwa. Alikuwa amesoma habari za protini za damu zinazounganisha unene na saratani ya utumbo mpana, akaenda maabara binafsi akaomba apimwe kila protini waliyokuwa na uwezo wa kuipima. Majibu yalikuwa kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulijaa wekundu: leptini juu, insulini ya kabla ya kula juu, adiponektini chini, na CRP, protini inayopanda mwili unapokuwa na uchochezi, yaani kinga ya mwili inapowaka, ilikuwa miligramu 7.4 kwa lita. IGF-1, protini inayohimiza ukuaji wa seli, ilikuwa ndani ya kiwango. CEA, ambayo wengi huijua kama kipimo cha saratani ya utumbo, nayo ilikuwa ndani ya kiwango.

Ukurasa wa pili ulikuwa na picha kamili ya damu. Hemoglobini ilikuwa gramu 12.4 kwa desilita, wakati mwanamume mzima anatakiwa asipungue 13. Seli nyekundu zilikuwa ndogo kidogo, femtolita 78. Mstari wa mwisho kabisa ulikuwa feritini, protini inayotumika kupima akiba ya chuma, maikrogramu 52 kwa lita, na pembeni yake herufi N, maana yake kawaida. Herufi hiyo moja ndiyo iliyoliendesha faili hili kwa miezi minne iliyofuata.

"Daktari, hapa pamejaa rangi nyekundu," alisema. "Niambie ukweli, nina saratani?"

Jibu aliloandikiwa kwenye faili lilikuwa zuri kwa jinsi lilivyokuwa la kweli: "Mzee wangu, karatasi hii haisemi una saratani. Inasema mwili wako una mafuta mengi, na mafuta hayo hayajalala."

Protini hizo hutoka wapi na zinasema nini

Inafaa kukaa hapa kidogo, kwa sababu mgonjwa hakukosea kuamini kwamba protini hizi zina uhusiano na saratani. Zinao. Tatizo la kisa hiki lilianzia kwenye swali gani zinaweza kulijibu.

Mafuta ya mwilini, hasa yanayozunguka matumbo na ini, ni kiwanda. Seli za mafuta hutoa leptini, nayo hupanda kadiri mafuta yanavyoongezeka. Adiponektini huenda kinyume: hutoka kwenye mafuta hayohayo, lakini mtu anavyozidi kunenepa ndivyo inavyopungua kwenye damu. Seli za kinga huhamia kwenye mafuta yaliyozidi na kumwaga interlukini 6, ishara ya uchochezi. Ikifika kwenye ini, ini hutoa CRP. Wakati huohuo misuli na ini huanza kuikaidi insulini, kongosho hulazimika kuongeza nguvu, na insulini nyingi hupunguza IGFBP-1, mojawapo ya protini zinazoishika IGF-1 isifanye kazi ovyo. IGF-1 inayobaki huru huzihimiza seli za ukuta wa utumbo zigawanyike na huzizuia zilizoharibika zisife kwa wakati wake. Kwenye utumbo mpana, ambako ukuta wa ndani hujifanya upya kila baada ya siku chache, mazingira ya namna hiyo yakiendelea miaka mingi si jambo dogo.

Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliorodhesha saratani 13 zenye ushahidi wa kutosha kwamba mafuta ya ziada huzichangia, na ya utumbo mpana na rektamu imo. Kuhusu ukubwa wa uhusiano, muhtasari wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta kwamba kila BMI inapopanda kwa vizio 5, hatari ya saratani ya utumbo mpana huongezeka kwa takriban asilimia 24 kwa wanaume na 9 kwa wanawake. Hilo ni ongezeko la kweli, na kwa taifa zima ni watu wengi sana. Kwa mtu mmoja aliyeketi mbele yako haliwezi kukuambia yuko upande gani, kwa kuwa wanene walio wengi hawatapata saratani hii, na wapo wembamba watakaoipata.

Swali gumu zaidi ni protini ipi inasababisha na ipi inasindikiza tu. Mtu mnene ana protini kadhaa zilizopanda kwa pamoja, na kuzitenganisha kwa kuangalia damu peke yake haiwezekani. Ndiyo maana watafiti wameigeukia jenetiki. Kuna watu wanaozaliwa na jeni zinazopandisha protini fulani maisha yao yote, wawe wanene au wembamba. Kundi hilo likionekana kupata saratani zaidi, protini hiyo inashukiwa kwa haki. Lisipoonekana, huenda protini hiyo ni shahidi tu aliyekuwepo eneo la tukio. Kwa njia hii insulini na IGF-1 zimepata uzito kama visababishi. Ushahidi wa aina hiyo dhidi ya CRP na adiponektini ni dhaifu. Na katika kuchambua protini nyingi kwa pamoja, imejitokeza moja ambayo wengi hatukuizoea kliniki: GREM1.

GREM1 inastahili sentensi zake. Kwenye utumbo mpana, seli mama hukaa chini kabisa ya vishimo vidogo vya ukuta, na hukua zikipanda juu hadi zikomae. Ishara ziitwazo BMP ndizo zinazoziambia zikomae. GREM1 hutolewa na seli za tishu zilizo chini ya vishimo na huzuia ishara hizo, hivyo seli mama hubaki changa. Ikibaki mahali pake ni jambo la kawaida na la lazima. Ikitapakaa juu ya kishimo, seli zinazopaswa kukomaa huendelea kugawanyika. Kuna familia zenye kasoro ya kurithi karibu na jeni hii, na watu wake huota polipu, yaani vinyama kwenye ukuta wa utumbo, nyingi na za aina mchanganyiko. Kwa hiyo uchambuzi wa kijenetiki uliposema kwamba GREM1 huenda ni mojawapo ya njia ambazo unene hupitia kufika kwenye saratani ya utumbo mpana, ulikuwa unasema jambo lenye mantiki ya kibaiolojia. Lakini hakuna mwongozo wa kliniki unaosema mtu apimwe GREM1 kwenye damu ili kuamua kama utumbo wake una uvimbe.

Kilichotokea, hatua kwa hatua

Ziara ya kwanza ilichukua muda mrefu na karibu wote ulikwenda kwenye ukurasa wa kwanza. Uamuzi uliofikiwa ni huu: apunguze uzito kwa mpango wa maandishi, atembee kila siku, apimwe tena baada ya miezi minne. Sababu zilizoandikwa ni za msingi. Uzito wake ulikuwa chanzo cha nusu ya matatizo yake, na kupungua kungeshusha sukari, presha na uchochezi kwa pamoja. Kuhusu hemoglobini ya 12.4, faili linasema: "Upungufu mdogo wa damu, feritini ya kawaida, CRP juu, inaelekea ni upungufu wa damu wa uchochezi sugu unaoambatana na unene. Kufuatilia."

Kipimo cha choo hakikuombwa. Alipoulizwa kama huona damu chooni, alijibu hapana. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba ana miaka 52 na hajawahi kuchunguzwa utumbo kwa njia yoyote.

Mgonjwa alifanya alichoambiwa, na alikifanya kwa bidii. Baada ya miezi minne alirudi na kilo 96. Kiuno kilipungua sentimita 8. CRP ilishuka hadi 3.0, insulini nayo ikashuka, HbA1c ikawa 5.8. Ukurasa wa kwanza ulipoteza wekundu wake mwingi na kila mtu chumbani alifurahi, kwa haki kabisa.

Ukurasa wa pili ulikwenda njia nyingine. Hemoglobini ilikuwa 11.6. Feritini ilikuwa 23, na pembeni yake bado kulikuwa na N, kwa sababu kiwango cha chini cha maabara hiyo kilikuwa 20.

Aliyebadilisha mkondo wa kisa ni muuguzi aliyekuwa anampima presha. Mke wa mgonjwa alisema, kama mtu anayesimulia kichekesho cha nyumbani, kwamba siku hizi baba watoto hatui bilauri ya barafu, anatafuna usiku na mchana mpaka watoto wanamlalamikia kwa kelele. Muuguzi akauliza tangu lini. Mama akafikiri, akasema kabla hata ya kuanza kupunguza uzito. Kisha akaongeza kwamba ngazi nazo zinamshinda, "na mimi nilidhani akipungua ataongeza pumzi, Dada, sio apungukiwe."

Hamu ya kutafuna barafu ni dalili ya zamani inayojulikana ya upungufu wa madini ya chuma, na muuguzi aliijua. Aliandika kwa kalamu juu ya faili: "Anatafuna barafu. Chuma?" Daktari akaagiza siku hiyohiyo kipimo cha ujazo wa transferini, yaani ni asilimia ngapi ya protini inayobeba chuma kwenye damu imejaa chuma. Majibu: asilimia 8. Kwa kawaida tunategemea 20 na zaidi. Chini ya 16 chuma hakitoshi kutengeneza damu.

Palitokea mjadala. Mmoja wa waliohusika alisema mlo mpya umepunguza chuma, wasubiri mwezi mmoja na vidonge. Mwingine alipiga hesabu mezani, na hesabu hiyo naipenda kwa sababu mtu yeyote anaweza kuirudia. Mwanamume hupoteza takriban miligramu 1 ya chuma kwa siku, na mwanamume mwenye afya ana akiba inayokaribia gramu nzima. Hata kama mlo wake ungekuwa hauna chuma kabisa, miezi minne ingemgharimu miligramu 120 hivi. Mlo peke yake haumfikishi mwanamume mwenye akiba kamili mahali hapa kwa muda huo. Damu, kwa upande mwingine, ina takriban nusu miligramu ya chuma kwa kila mililita. Mililita 4 za damu kwa siku, kiasi ambacho jicho halikioni kikichanganyika na choo, huondoa miligramu 2 za ziada kila siku, mwezi hadi mwezi. Na barafu ilianza kabla ya mlo.

Uamuzi ukawa: kolonoskopi, yaani kamera ya utumbo mpana, pamoja na kamera ya tumbo la juu, kwa kuwa mwanamume mwenye upungufu wa damu uliotokana na upungufu wa chuma huchunguzwa pande zote mbili. Kipimo cha damu iliyojificha kwenye choo, FIT, kilifanywa pia, si ili kuamua kama achunguzwe, bali kuamua akae wapi kwenye foleni. Kilirudi na maikrogramu 64 za hemoglobini kwa gramu ya choo. Uingereza humpeleka mgonjwa mwenye dalili kwa uchunguzi wa haraka kuanzia 10. Akapewa nafasi wiki iliyofuata. Vidonge vya chuma viliahirishwa mpaka baada ya kamera, kwani huufanya utumbo uwe mweusi na kumnyima mpimaji mwonekano mzuri.

Matokeo

Kamera ya juu haikukuta kitu. Kwenye utumbo mpana, upande wa kulia, mahali choo bado ni majimaji na uvimbe unaweza kukua bila kuziba, palikuwa na uvimbe wa sentimita 3 wenye kidonda katikati. Kwenye sigmoidi, sehemu ya utumbo mpana iliyo kabla ya rektamu, palikuwa na polipu ya milimita 12 yenye shina, ikatolewa palepale. Kipande cha uvimbe kilithibitisha saratani aina ya adenokasinoma. Picha za CT za kifua, tumbo na nyonga hazikuonyesha kwamba imesambaa.

Alipewa chuma kwa mshipa kabla ya upasuaji ili asiingie chumba cha upasuaji na hemoglobini ya 11. Upande wa kulia wa utumbo mpana ulikatwa kwa njia ya matundu madogo. Patholojia ilihesabu tezi 21 za limfu, zote safi. Tunataka zisipungue 12 ili tuamini kwamba hali ya tezi imesomwa sawasawa. Uvimbe ulikuwa umepita msuli wa ukuta lakini haukutoboa utando wa nje wa utumbo: T3N0, hatua ya pili, bila sifa za hatari kubwa. Kikao kiliamua hahitaji dawa za kemo.

Protini nne za kurekebisha makosa ya DNA, yaani MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2, zilipimwa kwenye kipande cha uvimbe na zote zilikuwepo, kwa hiyo ugonjwa wa kurithi wa Lynch, unaoongeza hatari ya saratani hii, haukutarajiwa. Hata hivyo ndugu zake wa tumbo moja na watoto wake wamepewa barua ya kuanza kolonoskopi wakifika miaka 40. Kaka yake mkubwa ameshafanyiwa, akatolewa polipu mbili ndogo. Dada yake bado anaogopa kipimo, na anayemfuatilia kumshawishi ni mgonjwa mwenyewe.

Miezi sita baada ya upasuaji hemoglobini yake ilikuwa 14.1. Barafu aliacha wiki chache baada ya kupewa chuma, bila kujilazimisha.

Uchambuzi: protini iliyomficha

Nilipolipitia faili hili, kilichonishika ni kwamba protini muhimu kuliko zote zilizopimwa ilikuwa ile ambayo hakuna aliyeihesabu kuwa protini ya unene. Feritini huhifadhi chuma ndani ya seli, na ndiyo maana tunaitumia kupima akiba. Lakini hiyohiyo hupanda kukiwa na uchochezi, kama CRP inavyopanda. Mafuta ya tumboni, interlukini 6 na ini lenye mafuta vyote huisukuma juu. Interlukini 6 huliambia pia ini litoe hepsidini, protini inayofunga mlango wa chuma kutoka utumboni na kutoka kwenye seli za akiba. Mtu mnene anaweza basi kuwa anavuja damu, akiba yake imepungua sana, na karatasi ikaonyesha feritini ya 52 yenye N pembeni.

Viwango vya kulikamata hili vipo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema mtu mzima mwenye afya ahesabiwe ana upungufu wa chuma feritini ikiwa chini ya 15, lakini mwenye maambukizi au uchochezi ahesabiwe hivyo ikiwa chini ya 70. Chama cha Madaktari wa Mfumo wa Chakula cha Marekani, AGA, mwaka huohuo kilipendekeza kwamba kwa mtu mwenye upungufu wa damu, 45 ndiyo iwe mpaka. Mgonjwa huyu siku ya kwanza alikuwa na CRP ya 7.4 na feritini ya 52. Kwa mpaka wa 70 alikuwa ameshaonekana. Kwa mpaka wa 45 asingeonekana, na hapo ndipo ujazo wa transferini ulipohitajika, pamoja na ule udogo wa seli nyekundu ambao ulikuwa unasema jambo lilelile kwa sauti ya chini.

Tazama pia kilichotokea uzito ulipopungua. CRP ilishuka, na feritini ikashuka kutoka 52 hadi 23. Sehemu ya anguko hilo ni damu iliyoendelea kuvuja. Sehemu nyingine, kwa maoni yangu, ni uchochezi kupungua na kuacha akiba halisi ionekane. Yaani tiba ya unene ilifanya kazi yake, na kwa kufanya kazi yake ikaufunua ugonjwa ambao unene ulikuwa unaufunika. Anayemhudumia mtu anayepungua uzito anapaswa kuisoma feritini inayoshuka kwa makini zaidi, si kidogo, hasa kama hemoglobini inashuka pamoja nayo. Mwanamume anayepungua uzito kwa mpango mzuri hana sababu ya kuishiwa damu.

Uchambuzi: maswali mawili yaliyochanganywa

Mgonjwa aliuliza: nina saratani? Akajibiwa, kwa vitendo, swali jingine: mwili wako una mazingira ya kuchochea saratani? Jibu la swali la pili lilikuwa ndiyo, na hatua ya kupunguza uzito iliyofuata ilikuwa sahihi. Swali la kwanza liliachwa bila kipimo hata kimoja kinacholihusu.

Protini za unene husomwa vizuri kwa kundi. Kwenye tafiti kubwa damu huchukuliwa kwa watu wenye afya, wakafuatiliwa miaka mingi, na tofauti kati ya waliougua na wasiougua ni tofauti ya wastani, ndogo, iliyoonekana kwa sababu watu ni maelfu. Kwa mtu mmoja, leptini ya juu inamwambia daktari kile ambacho mizani na futi ya kiuno vimeshamwambia. Kushuka kwake kunaeleza kwamba mafuta yamepungua. Polipu iliyoanza miaka kumi iliyopita haina habari na leptini ya mwezi huu. Safari ya kutoka polipu hadi saratani kwa kawaida huchukua miaka mingi, na uvimbe ukishakua haurudi nyuma kwa sababu CRP imeshuka kutoka 7.4 hadi 3.0.

CEA nayo ilitoa faraja isiyostahili. Saratani nyingi za hatua za mwanzo haziipandishi kabisa, na uvutaji wa sigara huweza kuipandisha bila saratani yoyote. Kazi yake nzuri ni kumfuatilia mtu ambaye saratani yake imeshathibitishwa. Kwenye karatasi ya mtu anayejiuliza kama anayo, naona bora isiwepo kabisa kuliko kuwepo na kumtuliza.

Protini iliyojibu swali la kwanza kwa karibu zaidi ilikuwa kwenye choo. FIT hutafuta globini ya binadamu, yaani sehemu ya protini ya hemoglobini. Damu inayotoka tumbo la juu hufika chini globini yake ikiwa imeshameng'enywa, kwa hiyo inayobaki kwenye choo kwa kiasi kikubwa huelekeza kwenye utumbo mpana. Hiyo ni protini inayotoka kwenye uvimbe wenyewe, si kwenye mafuta yanayouzunguka mwili.

Kuna jambo lililo rahisi kuliko yote haya. Alikuwa na miaka 52. Miongozo mingi humtaka mtu wa kawaida aanze uchunguzi wa utumbo mpana kati ya miaka 45 na 50. Marekani, kikosi kazi cha taifa cha huduma za kinga kiliushusha umri huo kutoka 50 hadi 45 mwaka 2021. Umri wake peke yake ulitosha. Ukiongeza baba aliyefariki kwa ugonjwa wa tumbo usiojulikana, palikuwa na sababu mbili za kumwagizia kipimo cha choo kabla hata ya kufungua ile karatasi. Karatasi yenye protini nyingi ilivuta macho yote kwake, na mstari wa umri juu ya faili haukusomwa.

Kilichosaidia

Kupungua uzito kulimsaidia hata pale ambapo hakukujibu swali lake. Aliingia kwenye upasuaji akiwa na sukari iliyotulia na tumbo lenye mafuta machache zaidi, jambo ambalo daktari wa upasuaji alilitaja mwenyewe. Kusema kwamba miezi minne ilipotea bure si sahihi. Ilichokosa ni kipimo cha choo siku ya kwanza, ambacho kingefanyika sambamba bila kumzuia kutembea hata siku moja.

Muuguzi alisikiliza maneno ambayo hayakusemwa kama dalili. Mgonjwa hakuwahi kusema anatafuna barafu kwa sababu hakuona kama ni ugonjwa, na hakuna fomu iliyomuuliza. Maswali mawili, kuhusu barafu na kuhusu pumzi kwenye ngazi, sasa yamo kwenye fomu ya kliniki hiyo ya watu wenye upungufu wa damu, na yanaelekezwa pia kwa anayeishi na mgonjwa.

Kilichobadilishwa, na kinachoendelea kubishaniwa

Baada ya kikao, kliniki iliomba maabara yake ifanye mambo mawili. CRP ikizidi 5, ujazo wa transferini upimwe pamoja na feritini bila kusubiri kuagizwa. Na karatasi iache kuandika N pembeni ya feritini iliyo chini ya 70 pale CRP ilipo juu. Badala yake iandike: "soma pamoja na CRP na hemoglobini". Maabara ilikubali la kwanza mara moja. La pili limekubaliwa kwa majaribio.

Mabishano yaliyobaki ni ya mpaka. Wanaotaka 70 wanasema ndio uliowekwa kwa watu wenye uchochezi na mgonjwa huyu ni mmoja wao. Wanaotaka 45 wanahofia kuwapeleka kwenye kolonoskopi watu wengi wanene ambao upungufu wao wa damu kweli ni wa uchochezi tu, huku foleni ya kamera ikiwa ndefu tayari. Msimamo wangu ni kutumia 70 kama mlango wa kupima ujazo wa transferini na FIT, ambavyo ni rahisi na havimchoshi mgonjwa, kisha kuacha hivyo viwili, pamoja na umri na historia ya familia, viamue nani aende kwenye kamera na kwa haraka ipi. Kwa mgonjwa wetu mlango huo ungefunguka siku ya kwanza, akiwa na feritini yake ya 52.

Kuhusu protini nyingine za ukurasa wa kwanza, mgonjwa aliuliza kwenye ziara ya karibuni kama azipime tena kila mwaka. Aliambiwa hapana. Ratiba yake ni CEA na uchunguzi wa daktari kila baada ya miezi michache kwa miaka ya mwanzo, CT kwa vipindi vilivyopangwa, kolonoskopi mwaka mmoja baada ya upasuaji, na mizani. Alisema mizani ndiyo atakayoiogopa zaidi, na akaomba apangiwe siku ya kupimwa uzito iwe ileile ya mkewe.